Mwongozo Kamili wa Kuiga Hali za Fahamu kwa Kompyuta: Kutoka Macho hadi Nusukaputi

Kila Jumamosi baada ya alasiri hukaa na vijana sita au saba kwenye baraza ya nyumba yetu hapa Chake Chake, kompyuta mpakato zikiwa mapajani, tukijaribu kuiga kwa namba yale yanayoutokea ubongo mtu anapopitiwa na usingizi, au anapopewa nusukaputi kabla ya kupasuliwa. Kosa moja limekuwa likijirudia kila wiki. Programu hukubali, grafu hutoka ikiwa nzuri, na mwenye kompyuta huiita "usingizi" au "fahamu" wakati hakuna chochote katika grafu hiyo kinachomruhusu kuiita hivyo.

Mwongozo huu umeandikwa ili kosa hilo lizuiwe tangu mwanzo. Fuata hatua kwa mpangilio wake na usiruke hata moja, kwa sababu kosa la hatua ya pili hujificha vizuri na hujitokeza hatua ya tano, wakati umeshachoka kulitafuta.

## Kinachoigwa

Tutatumia modeli ya mwanafizikia wa Kijapani Yoshiki Kuramoto, iliyochapishwa mwaka 1975. Fikiria saa 100, kila moja ina mshale mmoja unaozunguka kwa kasi yake ya asili. Kila mshale huvutwa kidogo na wastani wa mishale mingine yote, kama mpiga kasia anavyovutwa na mkupuo wa wenzake ndani ya mtumbwi: aliyetangulia hujizuia, aliyechelewa hujihimiza. Nguvu ya mvuto huo tutaiita K.

Kila saa inasimama badala ya kipande kidogo cha gamba la ubongo chenye mdundo wake wa umeme. Tunaanza na mizunguko 10 kwa sekunde kwa sababu mtu aliye macho, aliyetulia na kufumba macho, huonyesha kisogoni mawimbi ya kati ya 8 na 13 kwa sekunde.

Hesabu hii haina anayehisi ndani yake. Inatoa mpangilio wa midundo, na kazi yako ni kuulinganisha mpangilio huo na ule uliopimwa kwenye vichwa vya watu.

## Vifaa

Unahitaji kompyuta mpakato yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4 au zaidi, lugha ya Python pamoja na maktaba zake mbili za bure, numpy na matplotlib, ambazo zipakue mapema ukiwa na mtandao mzuri. Baada ya hapo hutahitaji intaneti kabisa. Hakikisha betri imejaa, hasa wakati wa masika ambapo umeme hukatika bila taarifa. Uwe pia na daftari la karatasi na kalamu ya wino, wala usitumie penseli. Sababu utaiona katika hatua ya kwanza.

Onyo kabla ya kuanza: ukiamua kuonyesha matokeo kwa picha zinazotembea, usiifanye skrini nzima iwake na kuzima mara 10 kwa sekunde. Mwanga unaomemeteka kwa kasi ya namna hiyo unaweza kumwangusha mtu mwenye kifafa kinachoamshwa na mwanga, naye huenda asijue kuwa anacho. Tumia mstari wa grafu.

## Hatua ya 1: Andika utabiri kwa wino

Kabla ya kuandika mstari wowote wa programu, andika daftarini unatarajia kuona nini K ikiwa ndogo, ikiwa ya kati na ikiwa kubwa, na ni matokeo gani yatakufanya ukiri kuwa umekosea.

Jicho la binadamu huona sura hata kwenye ukuta wenye unyevu. Asiyeandika utabiri wake mapema hukuta kila grafu inakubaliana naye. Hatua imekamilika ukiwa na sentensi tatu ambazo mtu mwingine akizisoma anaweza kukuambia kama ulipata au ulikosa.

## Hatua ya 2: Unda saa mia moja

Andika mistari ifuatayo kama ilivyo:

```
import numpy as np
nasibu = np.random.default_rng(7)
N, dt, muda = 100, 0.001, 20.0
kasi = 2*np.pi*nasibu.normal(10, 1, N)
mwanzo = nasibu.uniform(0, 2*np.pi, N)

def endesha(K):
    pembe = mwanzo.copy()
    kumbukumbu = []
    for hatua in range(round(muda/dt)):
        z = np.mean(np.exp(1j*pembe))
        vuta = np.imag(z*np.exp(-1j*pembe))
        pembe = pembe + dt*(kasi + K*vuta)
        kumbukumbu.append(pembe)
    return np.array(kumbukumbu)
```

Namba 7 ni mbegu ya namba nasibu, inayohakikisha kuwa ukirudia kesho utapata kilekile ulichokipata leo. Kasi zina wastani wa 10 na mtawanyiko wa 1, yaani saa nyingi huzunguka kati ya mara 9 na 11 kwa sekunde. Herufi z inabeba wastani wa mishale yote, na K huzidisha mvuto wa wastani huo.

Sehemu mbili za programu hii ndizo zinazowaangusha wengi.

Ya kwanza ni ile 2*np.pi. Programu inahesabu pembe kwa radiani, na mzunguko mmoja kamili ni radiani 6.28. Ukiisahau, mtawanyiko wa kasi unapungua zaidi ya mara sita, na mvuto mdogo tu unatosha kuzifunga saa zote pamoja. Binti mmoja aliyekuja kutoka Wete alibadilisha K kwa saa mbili nzima, kutoka 5 hadi 40, na kila mara alipata ulandanifu (kipimo cha jinsi saa zinavyokwenda pamoja, kutoka 0 hadi 1, tutakachokifikia hatua ya 3) wa karibu 0.99. Kwa kuwa ulandanifu mkubwa unafanana na usingizi, alikuwa ameshaandika pembeni mwa daftari kwamba ubongo hulala daima. Tulipoupitia mstari wa nne pamoja, kidole chake kikisogea chini ya kila alama, 2*np.pi haikuwapo.

Ya pili ni dt, yaani urefu wa kila hatua ya muda. Tumeiweka milisekunde 1. Mtu mwenye haraka huifanya 0.1 ili programu imalize upesi, na hapo kila mshale unakamilisha takriban mzunguko mzima baina ya hatua mbili, hivyo kompyuta haioni kilichotokea katikati. Jaribio la uaminifu ni rahisi: punguza dt hadi nusu, endesha tena, na wastani wa ulandanifu usibadilike kwa kiasi cha maana.

Utajua hatua imefaulu ikiwa endesha(2) inamaliza ndani ya sekunde chache na kukupa jedwali la mistari 20,000 na safu 100.

## Hatua ya 3: Pima ulandanifu

```
P = endesha(2)
R = np.abs(np.mean(np.exp(1j*P), axis=1))[5000:]
print(R.mean(), R.std())
```

R ni kipimo cha ulandanifu: 0 maana yake mishale imetawanyika pande zote, 1 maana yake yote inaelekea upande mmoja. Namba ya pili inayochapishwa ni mtikisiko wa R, na katika kazi hii ina umuhimu sawa na ile ya kwanza. Watafiti wanaoiga ubongo mzima huitumia kupima jinsi ubongo unavyojikusanya na kujitawanya bila kuganda upande wowote.

Ile 5000 inatupa sekunde 5 za mwanzo. Usiiondoe. Mishale huanza mahali pa nasibu na huhitaji muda kutulia, na kipindi hicho hakisemi lolote kuhusu hali unayoichunguza. Mimi mwenyewe niliwahi kuwaonyesha wageni grafu inayopanda taratibu nikiwaeleza kuwa ni mtu anayezama usingizini. Usiku ule nilipoirudia nikagundua kuwa ni saa zikitulia tu, na kwamba ingepanda vilevile kwa hali yoyote yenye K kubwa. Ilinibidi niwatafute mmoja mmoja kuwaambia.

Kwa K = 2 tarajia wastani wa karibu 0.1. Usitarajie sifuri, kwa sababu saa 100 zisizosikilizana hata kidogo bado hukutana kwa bahati.

## Hatua ya 4: Tafuta kizingiti

Endesha modeli kwa K kuanzia 0 hadi 30, ukiongeza 1 kila mara, kisha chora grafu mbili: wastani wa R dhidi ya K, na mtikisiko wa R dhidi ya K.

Nadharia inasema kuwa kwa kasi zilizotawanyika namna hii kizingiti, yaani K ambapo saa huanza kwenda pamoja, ni takriban 1.6 mara mtawanyiko kwa radiani. Mtawanyiko wetu ni 6.28, kwa hiyo kizingiti kiko karibu na 10. Chini yake mstari wa R hutambaa. Baada ya hapo hupanda, na K ikifika 30 unakuwa juu ya 0.9 na karibu umenyooka. Mtikisiko wenyewe hupanda ukikaribia kizingiti, kisha hushuka.

Usiikariri 10 kama aya. Hesabu hiyo ni ya saa zisizo na idadi, na wewe unazo 100 tu, hivyo kilele cha mtikisiko wako kinaweza kuangukia mahali popote kati ya 8 na 13 kulingana na mbegu. Tafuta kilele chako mwenyewe na ukiandike.

Sehemu hii ndiyo inayobeba dhana nzima. Watafiti wengi wanapendekeza kuwa ubongo ulio macho hukaa karibu na kizingiti cha aina hii, mahali ambapo vipande vyake husikilizana bila kumezana. Ni dhana yenye nguvu, na nguvu yake inatokana na majaribio mawili yanayofuata. Umbo la grafu hii peke yake halitoshi.

## Hatua ya 5: Pima uchangamano

Ulandanifu haukuambii kama kinachoendelea ni kingi au ni kilekile kinachojirudia. Kwa hilo tunatumia njia inayotokana na kazi ya Abraham Lempel na Jacob Ziv ya miaka ya 1970: geuza ishara kuwa 0 na 1, kisha zikate katika vipande vifupi kabisa ambavyo havijawahi kuonekana, na uvihesabu.

Ifanye kwanza kwa mkono. Chukua 0001101001000101. Kipande cha kwanza ni 0. Inayofuata ni 0, lakini imeshaonekana, basi ongeza moja upate 00. Kisha 1, kisha 10, 100, 1000 na 101. Jumla ni vipande 7. Sasa chukua sufuri 16 mfululizo: 0, 00, 000, 0000, 00000, na sufuri moja inabaki bila kuwa kipande kipya. Jumla ni 5.

Kisha jaribu 0101010101010101, ambayo hata mtoto anaona kuwa ni marudio matupu. Utapata 7, sawasawa na ule mstari uliochanganyika. Mstari mfupi hudanganya. Sufuri 1,600 hutoa vipande 56 tu, ilhali mstari wa nasibu wenye urefu huohuo huvuka 150, na hapo ndipo tofauti inapoaminika. Kwa hiyo usipime chini ya herufi elfu kadhaa.

```
def vipande(herufi):
    kamusi, neno = set(), ""
    for h in herufi:
        neno += h
        if neno not in kamusi:
            kamusi.add(neno)
            neno = ""
    return len(kamusi)

ishara = (np.sin(P[5000:15000:10, :10]) > 0).astype(int).ravel()
halisi = vipande("".join(map(str, ishara)))
vurugu = vipande("".join(map(str, nasibu.permutation(ishara))))
print(halisi/vurugu)
```

Tumechukua saa 10, kila milisekunde 10, kwa sekunde 10, jambo linalotupa herufi 10,000. Tunagawanya kwa mstari uleule uliovurugwa ili matokeo yasitegemee urefu wala wingi wa moja na sufuri. Anayeacha mgawanyo huu hawezi kulinganisha namba yake na ya mwenzake.

Onyo kubwa la mwongozo huu liko hapa. Utaona kuwa uchangamano huwa mdogo K ikiwa 30, na huwa mkubwa zaidi K ikiwa 2, yaani pale saa zisipojuana kabisa. Ukiamini kipimo hiki peke yake utahitimisha kuwa mvumo wa redio isiyoshika stesheni una fahamu kuliko wewe. Uchangamano unahesabika kuwa wa maana pale tu sehemu zinazouzalisha zinapogusana. Hilo ndilo tunalolipima sasa.

## Hatua ya 6: Sukuma, kisha sikiliza mwangwi

Mwaka 2013 kundi la watafiti, Marcello Massimini akiwa miongoni mwao, lilichapisha kipimo kilichosimama juu ya wazo hili. Waliugonga ubongo kwa pigo la sumaku kutoka nje ya fuvu, wakarekodi mwangwi wake kwa waya za kichwani, kisha wakabana rekodi hiyo kwa njia ya Lempel na Ziv. Mtu aliye macho hutoa mwangwi unaosambaa na kubadilika. Katika usingizi mzito na chini ya propofol, dawa ya nusukaputi, mwangwi hubaki mahali pamoja au husambaa kama wimbi moja lisilo na tofauti.

Ongeza kwenye programu yako sharti hili: hatua ikifika 10,000, pembe za saa 10 za kwanza ziongezewe 1. Endesha mara mbili kwa mbegu ileile, mara moja bila msukumo na mara moja nao, kisha toa jedwali moja kutoka kwa jingine. Angalia zile saa 90 ambazo hukuzigusa.

K ikiwa 2, zile 90 karibu hazibadiliki katika sekunde inayofuata. K ikiwa 30, zote husogea kwa kiasi kimoja kidogo na kubaki hapo, kama jahazi zima linaposukumwa. Karibu na kizingiti, kila saa hujibu kwa kiwango chake, nyingine sana, nyingine kidogo, na mwangwi hukawia kutulia.

Ukiona tofauti hizi tatu kwa macho yako, umefika mahali ambapo wengi hawafiki. Rudia kwa mbegu 20 tofauti kabla ya kufurahi. Mbegu moja ni sawa na kumuuliza mtu mmoja sokoni bei ya karafuu.

## Hatua ya 7: Toa jina kwa tahadhari

Sasa ndipo unaporuhusiwa kuzungumza juu ya hali za fahamu, nami nakusihi uende polepole.

Usingizi mzito. Mawimbi yake ni ya polepole, chini ya 4 kwa sekunde. Wengi hubadilisha wastani wa kasi kuwa 1, mtawanyiko kuwa 0.1 na K kuwa sehemu ya kumi, kisha hutangaza kuwa wameiga usingizi. Fanya hesabu: umegawanya kila kitu kwa kumi, basi umepata filamu ileile iliyopunguzwa mwendo. Kinachobadilisha hali katika modeli hii ni uwiano wa K na kizingiti, na kasi peke yake haibadilishi kitu.

Ulandanifu mkubwa mno. R ya 0.97 inaweza kufanana na usingizi, lakini pia na kifafa. Kuna aina ya kifafa cha watoto ambapo mtoto huduwaa kwa sekunde chache huku ubongo ukipiga mawimbi makubwa yapatayo 3 kwa sekunde. Modeli haiwezi kukutenganishia hali hizo mbili, hivyo usiitaje moja na kuinyamazia nyingine.

Ketamini, LSD na saikosibini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kuwa kwa watu waliopewa dawa hizi chini ya uangalizi, ishara za sumaku za ubongo zilikuwa na uchangamano uliozidi kidogo ule wa kawaida. Katika modeli unaweza kuishusha K kidogo chini ya kilele chako uone uchangamano ukipanda, mradi jaribio la msukumo bado lionyeshe mwangwi. Fanya jaribio hilo kwa namba tu. Hakuna sehemu ya kazi hii inayohitaji mtu kutumia dawa yoyote.

Asiyejibu si lazima awe hana fahamu. Kipimo cha msukumo hubaki juu katika usingizi wa ndoto, na hata kwa mtu aliyelazwa kwa ketamini asiyeitika akiitwa, ambaye akizinduka husimulia aliyoyaona. Kwa hiyo usiandike kamwe "hana fahamu" ikiwa ulichopima ni ukimya.

Vijana wa hapa Pemba huniuliza, na ni swali la haki, kama modeli inaweza kueleza anayepandwa na sheitani ngomani, au yale yanayowapata wanaosoma maulidi ya homu, wakiwa wamejipanga mstari mmoja, magoti chini, miili ikiyumba pamoja kama mnazi mmoja. Jibu langu ni kwamba modeli inaweza kusema jambo kuhusu midundo inayokutana, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yake. Alichokiona na kukihisi mtu mwenyewe kimo kwenye simulizi yake tu, nayo huombwa kwa adabu, husikilizwa hadi mwisho, na huandikwa kama alivyoisema. Utafiti wa fahamu wenye ripoti ya kipimo bila simulizi ya mwenye kichwa umepungukiwa nusu.

## Kumaliza

Fungua daftari katika ukurasa wa hatua ya 1. Pembeni mwa kila utabiri andika ulichokipata, mbegu ulizotumia, thamani ya dt, na kilele cha K kilichokuwa chako. Palipo na kosa, liache lionekane. Ndiyo maana tuliandika kwa wino.

Hifadhi programu na grafu mahali pawili, kwenye kompyuta na kwenye flashi. Kisha mpe mwenzako faili hizo bila maelezo yoyote na umtake aziendeshe kwenye kompyuta yake. Akipata namba zilezile kwa mbegu 7, na akakuta kizingiti chake mwenyewe kwa mbegu aliyoichagua yeye, kazi yako imesimama.